Aliyekunywa Maji ya Pernette

Benoîte Jacquemet alikuwa anakatakata malenge ya supu pale aliposikia kwamba mtambo unapiga sivyo.

Si kwamba ulikuwa umeharibika. Mtambo wa kufumia hariri ukiharibika, mtoto yeyote wa kilima cha Croix-Rousse, mjini Lyon huko Ufaransa, atakwambia ni kamba gani imelegea, maana kule watu wanazaliwa na kelele hizo masikioni. Huu ulikuwa mzima, ila ulikuwa unachechemea. Pigo moja zito, moja jepesi, halafu kimya kidogo, halafu tena. Na aliyekaa pale ni binti yake Pernette, mwenye miguu miwili mizima ya kuchezea dansi, ambaye siku zote alifuma harakaharaka kwa mapigo ya sawasawa.

Aliyekuwa akifuma kwa kuchechemea ni kaka yake, Joanny, kwa sababu ya mguu wake wa kushoto. Na Joanny walishamzika, yapata miaka mitatu, dondakoo limemziba koo akiwa kijana hata ndevu hazijakaza.

Benoîte akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye aproni, akasikiliza. Nyumba za wafumaji ni chumba kimoja kirefu kwenda juu: mtambo dirishani, jiko mlangoni, na ngazi ya mbao ya kupandia darini kwenye vitanda. Hakuna pa kujificha humo. Akasogeza pazia la jikoni akamwona mwanawe kwa mgongo, kainamia kazi, bega la kushoto limeshuka. Joanny naye alikuwa na tabia hiyo ya kushusha bega.

"Pernette, mguu una nini?"

"Hauna kitu, mama."

"Mbona unapiga hivyo?"

"Napigaje?"

Benoîte akasogea ili amwoneshe, ndipo akaona damu. Pini ya kuungia nyuzi ilikuwa imezama kwenye kidole gumba cha yule binti, imeingia chini ya ukucha mpaka mwisho, damu inadondoka juu ya hariri nyeupe ya joho la askofu, na mwenyewe anaendelea kukanyaga kana kwamba kidole ni cha jirani. Benoîte alipiga ukelele ukasikika ngazini. Akamshika mkono, akaichomoa ile pini kwa meno yake. Pernette akakitazama kidole chake, akatabasamu.

"Nina kiu," akasema.

Fleurine Bador, jirani wa chini, alipanda kwa ajili ya ule ukelele. Huyo Fleurine alikuwa mwanamke wa mdomo, lakini moyo wake safi. Alipofika mlangoni akamkuta Pernette kasimama kaegemea ukuta, anakunywa maji kwenye jagi, bila kupumzika, mpaka yanamchuruzika shingoni.

"We! Shoga, binti yako kameza chumvi ya mji mzima?"

"Ni joto la kazi," Benoîte akasema.

"Joto? Ukungu umetanda mpaka mto Saône hauuoni, mie nimevaa soksi mbilimbili, wewe unaniambia joto!" Fleurine akacheka, halafu akaacha kucheka, pua ikamcheza. "Humu ndani kunanuka nini? Kama siki. Siki na... sijui. Nyama iliyolala."

"Nimemwaga siki."

Hakuwa amemwaga siki. Siki ndiyo waliyokuwa wanamsukutulia Joanny siku zake za mwisho, na ile harufu nyingine ndiyo iliyokuwa ikitoka kooni mwake. Benoîte alikuwa ameinusa tangu asubuhi akajifanya haipo.

Fleurine akamvuta pembeni, akashusha sauti. "Umerudi tena kule kwa Verchère?"

"Mara moja tu."

"Mara moja! Padri akisikia..."

"Padri hakunirudishia mwanangu."

"Na Verchère kakurudishia?"

Nyuma yao jagi lilikuwa tupu, na yule binti alikuwa anaulamba ukingo wake wa udongo.

Sasa hapa lazima nieleze kidogo, la sivyo mtawaona hawa watu wendawazimu, na hawakuwa wendawazimu. Lyon ya miaka ile ilikuwa imejaa vikundi vya namna hiyo. Nyumba tatu hukosi moja. Antelme Verchère alikuwa mfamasia mstaafu, mjane, mzee wa adabu zake, na sebule yake ndiyo iliyokuwa ikikutanisha kikundi chao Jumapili alasiri, watu wakishatoka misani na kula. Waliitana ndugu. Hawakutoza mtu chochote na hawakumchezea mtu, ila waliamini kwamba mtu ana vitu vitatu. Kuna mwili, huu wa kulisha na kuzika. Kuna roho, cheche ya Mungu, hiyo haifi. Na katikati kuna pacha, mwili mwingine wa mvuke wenye sura ileile, na huyo ndiye mbeba hisia zote, maumivu na utamu na njaa. Pacha amefungwa mwilini kwa kamba nyembamba ya rangi ya fedha. Mjuzi akimpitishia mtu mikono kutoka kichwani kushuka chini, mtu huyo hulala usingizi usio wa kawaida, pacha wake akatoka kutembea, na mwili ukabaki wazi kwa muda, wafu wakaweza kuuazima mdomo.

Na kwa kuwa hisia hutoka pamoja na pacha, Verchère hakuziacha zizagae. Alikuwa akiziingiza kwenye bilauri ya maji. Ukimchoma sindano aliyelala, hashtuki; ichovye sindano kwenye yale maji, utamsikia anavyolia. Kisha kabla ya kumwamsha, Verchère humnywesha maji yale yote, hisia zikarudi kwao na pacha akazifuata. Ndiyo maana bilauri haikuguswa na mkono wa mtu mwingine. Hiyo ndiyo ilikuwa amri yao ya kwanza, na kila aliyeingia sebuleni kwa Verchère aliambiwa kabla hajavua kofia.

Pernette alikuwa mwepesi wa kulala kuliko wote. Na hakupenda.

"Narudi na baridi, mama," alikuwa kasema Jumapili, siku moja kabla ya ile pini, wakivaa. "Kila nikirudi naona kama nimeacha kitu huko."

"Mara hii tu. Kwa ajili ya kaka yako."

"Kaka yangu kaenda kwa Mungu. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Usinijibu, Pernette. Vaa viatu."

Basi akavaa viatu. Kule sebuleni mapazia yalishushwa, watu wakashikana mikono, Verchère akampitishia mikono yake mikavu mpaka kichwa cha binti kikaanguka begani. Bilauri ikawekwa juu ya meza ndogo. Wakangoja. Halafu ule mdomo wa Pernette ukafunguka, ikatoka sauti ya mwanamume kijana, imekwaruza.

"Mama."

Benoîte akaachia mikono ya wenzake. "Joanny? Ni wewe, baba?"

"Nina kiu, mama."

Mjue kwamba Joanny alikufa akiomba maji. Daktari alikuwa amekataza, ati yatampalia, na Benoîte akamtii daktari. Siku mbili kijana analia kwa kilichobaki cha sauti yake, mama, maji, na mama kakaa pale na jagi limejaa miguuni, hampi, na mwisho akafa tu, maji au bila maji. Mwanamke aliyepitia hilo utamwambia nini kuhusu amri za sebuleni? Alinyanyuka. Akachukua maji yaliyokuwa karibu, akayapeleka kwenye ule mdomo, akamshika mwanawe kisogo kama mtoto mchanga.

"Si hayo!" Verchère alipiga kelele. "Dada Benoîte, si hayo!"

Bilauri ilikuwa imeshakauka. Pernette akafumbua macho mwenyewe, bila kuamshwa na mtu, akasema ahsante, akaomba koti lake. Verchère alimfunua kope akatazama kwa muda mrefu, rangi imemtoka. Akasema labda hakuna neno. Akasema, "Mwangalie. Ukiona kitu, chochote kile, njoo unite, hata niwe mezani nakula."

Na Benoîte aliona kitu tangu siku ya pili, na hakwenda kumwita. Tuseme ukweli wake: alifurahi. Alifurahi vibaya sana. Alikuwa anakaa jikoni anausikiliza ule mtambo unaochechemea na machozi ya raha yanamtoka, akijiambia kwamba Mungu kamrudishia wa kiume na hajamnyang'anya wa kike, watoto wawili ndani ya gauni moja.

Alfajiri, kabla hajawasha jiko, alikuwa anamkuta keshaketi gizani kwenye kiti cha Joanny.

"Mama, yule mbwa wa akina Bador bado anauma watu?"

"Yupo, mwanangu, ila kazeeka."

"Basi kaanza kung'ata kwa ufizi!" Na kicheko chake kilekile, cha puani.

Benoîte akacheka naye mpaka akajishika mbavu. Kesho yake alfajiri, kwenye kiti kilekile, "Mama, yule mbwa wa akina Bador bado anauma watu?" Akajibu hivyohivyo, akajibiwa hivyohivyo, kicheko kikaja mahali pake palepale. Siku iliyofuata tena. Hapo ndipo alipoanza kuona kwamba mwanawe hana neno jipya. Alikuwa na maneno yale aliyoyasema alipokuwa hai, anayatoa na kuyarudisha. Benoîte akamuuliza, "Huko ulikokuwa, Joanny, uliona nini?" Mdomo ukafunguka, ukabaki wazi, macho yakamtazama yasione, na kitu kama kishindo cha maji kikasikika chini kabisa ya koo. Kisha akasema, "Nina kiu."

Alikunywa maji ya kupikia, ya kuoshea, akanywa na yale ya ndoo iliyolowekwa matambara. Mkono aliuegemeza kwenye jiko la chuma lenye moto mpaka ngozi ikanuka, naye anasimulia habari za mbwa. Mwili wa Pernette ulianza kuisha. Mashavu yaliingia ndani, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana mafungumafungu.

Kilichomzindua Benoîte hakikuwa hayo yote. Siku moja alasiri alikuwa anashuka ngazi kutoka darini na shuka mkononi, ukungu umelibana dirisha, mtambo chini unapiga zito, jepesi, kimya, zito, jepesi, kimya, na alipofika katikati akahisi aproni yake inavutwa kwa nyuma, si kwa msumari wala ufa wa mbao, bali inavutwa polepole na kuzungushwa, pembe ya kitambaa inazungushwa kidoleni mara moja, mara mbili, kama alivyokuwa akifanya Pernette tangu anaanza kusimama wima, akiogopa mvua ya radi au wageni, anajizungushia aproni ya mama yake kidoleni na kukaa nyuma yake asionekane, na Benoîte akasimama pale ngazini na shuka yake bila kuthubutu kugeuka, maana alijua vizuri kwamba nyuma yake hakuna mtu wa kuonekana, na alijua vizuri zaidi ni nani.

"Pernette?" akanong'ona.

Mtambo chini ukanyamaza.

"Unaongea na nani, mama?" ikauliza sauti ya Joanny.

Hilo lilikuwa neno jipya. Benoîte alipanda tena juu mpaka kwenye kitanda cha binti yake, kilichokuwa hakilaliwi siku zote hizo, akakuta katikati ya godoro pamebonyea, padogo, kama mtu aliyejikunja. Akaweka kiganja. Palikuwa na uvuguvugu kidogo sana. Akapiga magoti akaweka na shavu, akalia kimyakimya, na ule uvuguvugu ukasogea ukamkaa shingoni.

Jioni hiyo hiyo, bila hata koti, alikwenda kwa Verchère. Alimkuta anakula mkate na jibini bichi la vitunguu, na mzee alipomwona tu usoni akasukuma sahani.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu ile."

"Wiki zote hizo! Dada, nilikwambia nini mimi?"

"Nilidhani ni mwanangu."

Verchère akajishika kichwa. Alimkalisha, akazungumza naye taratibu, na hayo aliyoyasema ndiyo mafundisho ya ndani ambayo hawakuwa wakiwaambia waliofiwa. Mtu akifa, roho huenda zake. Mwili huoza kaburini. Pacha naye hutakiwa kuoza, ila yeye huoza polepole, na kabla hajaisha huzagaa huku chini bila roho ndani yake, na sauti ya marehemu, na mizaha yake, na ile hamu ya mwisho aliyofia nayo. Wao walimwita ganda. Kwetu sisi angeitwa jini na mambo yakaisha, lakini wao walikuwa na jina la kila kitu.

"Kwa hiyo yule si Joanny," Benoîte akasema.

"Joanny yuko kwa Mungu, hakujui wala hakusikii. Yule ni kiu yake. Na wewe umeipa maji ya hisia za binti yako. Aliyekunywa yale maji ndiye mwenye mwili sasa."

"Na Pernette?"

"Yuko nje. Kamba haijakatika kwa kuwa unasema umemhisi. Lakini kila siku inakonda." Mzee akanyanyuka kutafuta kofia. "Nitamlaza tena, nitazitoa hisia niziweke kwenye maji. Atayaomba. Wewe ndiye uliyempa, kwa hiyo wewe ndiye utakayemnyima. Nikimnyima mimi, hatatoka. Utashika bilauri mbele ya macho yake na hutampa. Atachoka, ataachia. Papo hapo Pernette aingie, tumnyweshe. Unaweza?"

"Naweza."

"Dada Benoîte, mara ya kwanza ulimnyima ukakaa miaka ukijilaumu. Unaweza mara ya pili?"

"Ni mwanangu yule aliye nje! Nimesema naweza!"

Walifanya kesho yake mchana. Fleurine alikuwepo, na rozari yake, akisema haamini hata kimoja ila hawezi kumwacha shoga yake peke yake na mtu na mapepo. Walimlaza yule binti juu ya meza ya kulia, maana hakuwa na nguvu tena za kukataa. Verchère akapitisha mikono, kutoka kichwani kushuka, kutoka kichwani kushuka, mpaka jasho likamtoka mzee wa watu. Bilauri ilipokuwa tayari akaichovya sindano. Mwili ukaguta.

"Zimo," akasema. "Shika."

Benoîte akashika. Na wakati uleule akahisi nyuma yake aproni inazungushwa, mara moja, mara mbili, kwa udhaifu sana, kama mgonjwa anavyoshika. Akasema moyoni, subiri mwanangu, subiri kidogo.

Macho ya mezani yakafunguka.

"Mama, nina kiu."

"Sikupi."

"Mama. Maji."

"Sikupi, nimesema."

Harufu ya siki ikapanda mpaka Fleurine akaziba pua kwa shali. Ile sauti haikufoka wala haikutishia, na afadhali ingetishia. Ilirudia yale ya siku za mwisho, moja baada ya jingine, kwa mpangilio wake, maneno ambayo hakuna aliyeyasikia duniani isipokuwa Benoîte: nitakunywa kidogo, mama, sitakohoa, mama, nitakuwa mzuri, mama, nimekukosea nini, na katikati ya maneno koo linakwaruza, kifua kinavutika, midomo ya Pernette inapasuka na kukauka machoni pake mpaka ikawa midomo ileile ya Joanny, na ule ulimi mweusi unatafuta, unatafuta, na nyuma aproni inavutwa, na mbele mtoto anakufa tena kwa kiu na maji yako mkononi mwake, na Verchère anasema anaachia, dada, anaachia, usimtazame, bado kidogo tu, na Benoîte anasema sikupi, sikupi, sikupi, huku mkono wake wa kulia, ule usioshika kitu, umekwenda wenyewe ukachovya kidole kwenye bilauri na kumpaka midomo.

Kidole kimoja tu. Kina mama wote huwafanyia hivyo wanaokata roho.

Verchère alimpiga mkono kofi. "Umefanya nini!"

Ule mwili ulilamba midomo, ukavuta pumzi ndefu, ukakaza. Ikabidi kuanza upya. Benoîte sasa alikuwa kauma meno, hatazami, anasema sikupi kwa sauti ya mtu anayesukuma jabali, na walikaa hapo mpaka dirisha likageuka kijivu, mpaka Fleurine akamaliza rozari na kuianza tena. Mwishowe ile sauti ikasema, kwa upole, "Basi, mama." Na harufu ikatoka chumbani kana kwamba mtu kafungua mlango. Meza ikawa na msichana tu, amekonda, anapumua.

Lakini nyuma ya Benoîte aproni ilikuwa imeshalegea. Hakujua imelegea saa ngapi. Alipapasa mgongoni kwa mkono, akapapasa hewani, akamwita. Akapanda ngazi mbio mpaka darini akaweka kiganja kwenye godoro, na godoro lilikuwa baridi kama vigae vya nje. Akashuka mbio. Akamwinua Pernette kichwa, akammiminia yale maji, na yote yakaingia mdomoni na yote yakatoka pembeni, yakalowanisha nywele.

"Kunywa, mama yangu. Kunywa, Pernette, njoo ndani, baridi huko. Kunywa."

"Dada," Verchère akasema.

"Atakunywa!"

"Dada Benoîte. Kamba imekatika."

Fleurine ndiye aliyelia kwa sauti. Benoîte aliendelea kumpangusa binti yake shingo.

Mzee alirudi siku iliyofuata, na iliyofuata tena. Hakuwa mtu mbaya, na kilichokuwa kinamrudisha ni hatia. Mwili ulikuwa unapumua. Macho wazi, kope zinapepesa, ukiuwekea kijiko mdomoni unameza. Hakuna mtu ndani. Alimpima kwa kila alichojua akakuta hakuna mtu.

"Usimlishe," akamwambia Benoîte mlangoni, kofia mkononi.

"Unasemaje?"

"Mwache aende. Atalala tu, hataumia, hana cha kuumia nacho. Ukimweka hivi, dada yangu, mlango uko wazi usiku na mchana. Huko nje wako wengi sana. Yule angalau alikuwa na sauti unayoijua."

"Toka nyumbani kwangu, Bwana Verchère."

Akatoka. Hawakuonana tena.

Benoîte akamlisha. Supu ya malenge, maziwa yenye mkate uliolowekwa, kijiko baada ya kijiko, anampapasa koo ili ashushe. Alimchana zile nywele zilizobaki. Fleurine alikuja kwanza kila siku, halafu akaanza kuishia ngazini, ati magoti, na kumwachia vyakula juu ya mkeka. Mtambo ulifunikwa shuka. Usiku mama alimlaza binti yake kwenye kile kitanda cha darini, akalala pembeni yake amemkumbatia, na nyumba nzima ikawa kimya kama nyumba ya wazee.

Ilikuwa mchana, mvua inanyesha, Benoîte kashika bakuli. Akapeleka kijiko, na kabla hakijafika, mdomo wa Pernette ukakifuata. Ukakipokea. Ukatafuna kitu ambacho hakikuhitaji kutafunwa. Kisha shingo ikageuka, polepole, kama mtu anayejaribu kofia ya mwenziwe, macho yakazunguka chumba, yakatazama mtambo, yakatazama ngazi, yakatazama mikono yake yenyewe, mbele na nyuma. Yakaja yakatulia usoni mwa Benoîte.

"Pernette?" akasema, ingawa alishajua.

Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya mtu mzima sana, yenye lafudhi ya watu wa mbali ambao Benoîte hajapata kuwasikia.

"Pernette ndiye nani?"

Benoîte alitazama lile shavu, ambalo lilikuwa limeanza kurudiwa na rangi. Alitazama kile kidole gumba, chenye kovu la pini chini ya ukucha. Chini huko ngazini Fleurine alikuwa anamfokea mbwa wake, na Benoîte angeweza kumwita, angeweza kusimama, angeweza kwenda kwa Verchère hata mvuani.

"Na wewe," ile sauti ikauliza, "wewe ni nani?"

Benoîte akachota kijiko kingine, akakipuliza kipoe.

"Niite mama," akasema.